Anza na Jengo, Fomu Zifuate: Mwongozo Kamili wa Leseni na Wajibu wa Biashara ya Chakula Tanzania Bara

Mwaka wangu wa kwanza wa mgahawa, Morogoro, nilianza mambo kinyume. Dalali alinionyesha fremu jirani na stendi. Watu walikuwa wanapita pale tangu alfajiri hadi usiku, nami nikaona riziki yangu iko hapo. Nikalipa pango la miezi sita, nikanunua meza, viti na friza, nikapaka rangi. Ndipo nikamwita bwana afya. Akaingia, akatazama mlango wa choo uliofungukia jikoni, akauliza maji machafu yanakwenda wapi. Nikamwonyesha mfereji wa barabarani. Alikuwa mtu mstaarabu, lakini jibu lake lilikuwa moja: hapa hapapikwi chakula cha kuuza. Pango halikurudi.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza leseni ya chakula inapatikanaje namjibu kwa swali: jengo lako likoje? Fomu zote utakazojaza zinasimama juu ya jibu hilo. Jengo likikataliwa, TIN (namba ya mlipakodi) na jina zuri la biashara havitakusaidia. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi kabla sijamlipa yule mwenye fremu. Unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina vyombo vyake: chakula kiko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na usajili wa biashara uko kwa wakala wao wa BPRA.

Kwanza, jua unauza nini hasa

Sheria haiwatazami kwa jicho moja mwenye mgahawa, mwenye bucha na anayefungasha karanga dukani. Anayepika na kupakua sahani, awe na kibanda cha chipsi au ukumbi wa watu mia mbili, mambo yake mengi yanaishia halmashauri. Anayesindika na kufungasha (unga wa lishe, siagi ya karanga, achari, juisi ya chupa) anaingia moja kwa moja mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Mwenye bucha ana TBS na halmashauri, na juu yao kuna Bodi ya Nyama. Anayekusanya au kusindika maziwa ana Bodi ya Maziwa.

Wengi bado wanaitafuta TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Hiyo haipo tena kwenye chakula. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia chakula na vipodozi TBS kuanzia Julai 1 mwaka huo, na TFDA ikawa TMDA inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Mtu akikuambia atakufanyia mpango wa cheti cha chakula cha TFDA, ondoka.

Jengo: mwite bwana afya kabla ya kulipa pango

Nenda ofisi ya kata au halmashauri, uliza afisa afya wa eneo lako, mwombe aje aone fremu unayotaka kupanga. Mweleze kwamba hujalipa bado. Wengi wanakubali, na hata asipoweza kufika siku hiyo atakwambia anatazama nini. Ukienda kukagua mwenyewe, tazama haya.

Maji ndiyo ya kwanza. Fungua bomba. Kama mtaa una mgao, uliza tangi liko wapi na linabeba kiasi gani. Kisha fuata maji machafu kwa macho yako mwenyewe, toka kwenye karo hadi chemba au shimo. Maji ya vyombo yenye mafuta yakiishia barabarani, utagombana na jirani, na bwana afya, na nzi. Choo kiwepo, cha wafanyakazi na cha wateja, na mlango wake usitazamane na jiko wala chakula. Lazima pawe na mahali pa kunawia mikono palipo mbali na sinki la vyombo. Hili watu hulidharau, wakidhani sinki moja linatosha kwa kila kitu. Halitoshi: mikono iliyotoka chooni isioshwe pale zinapooshwa sahani.

Sakafu iwe ya kuoshwa: saruji laini au marumaru, isiwe na nyufa zinazoficha mabaki. Ukuta wa jikoni upakwe rangi ya mafuta ya kung'aa au uwekwe vigae, ili moshi na mafuta vifutike. Madirisha yawekwe wavu wa nzi, moshi upate njia ya kutoka, na dari isidondoshe vumbi kwenye sufuria. Stoo iwe na rafu au vichanja. Magunia ya mchele yasikae chini, kwa sababu ya unyevu na panya. Pipa la taka liwe na mfuniko.

Pima pia njia ya chakula. Jiko bora ni lile ambalo nyama mbichi inaingilia upande mmoja na sahani iliyopakuliwa inatokea upande mwingine, visipishane. Kwenye fremu ndogo haiwezekani kikamilifu, lakini hata meza mbili tofauti, moja ya vibichi na moja ya vilivyoiva, zinabadilisha mambo.

Mwenye nyumba akiahidi kurekebisha choo au chemba, ahadi hiyo iandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe. Maneno ya mdomo huisha siku unapokabidhi fedha.

TIN, jina la biashara na mkataba

Hapa hapana mengi. TIN hutolewa bure na TRA, Mamlaka ya Mapato, nawe unahitaji namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Ukiuza kwa majina yako halisi si lazima, lakini ukitaka kuandika "Mama Fulani Mgahawa" kwenye bango, sajili. Kampuni ni safari ndefu zaidi na mwenye sahani hamsini kwa siku haihitaji.

Ukiwa TRA utaulizwa mkataba wa pango, na hapa wapangaji wengi wanashtuka. Mkataba unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kisha, ukipanga kwa ajili ya biashara, sheria inakutaka wewe mpangaji ukate asilimia 10 ya pango uipeleke TRA kama kodi ya zuio, na mwenye nyumba apokee kilichobaki. Wenye nyumba wengi hukataa, husema "hiyo ni yako na TRA yako". Zungumzeni kabla ya kutia saini. Ukinyamaza, utalipa pango lote kwa mwenye nyumba na ile asilimia 10 tena kutoka mfukoni mwako.

Afisa wa TRA atakukadiria mauzo. Usitaje namba ya kupendeza wala ya kujificha, peleka hesabu. Mfano: sahani 20 kwa siku, sahani ni shilingi 2,000, siku 300 za kazi kwa mwaka. Hiyo ni milioni 12. Mashine ya risiti za EFD inadaiwa kwa mauzo ya milioni 11 na kuendelea, kwa hiyo hata mgahawa mdogo namna hiyo umeshaingia. Ukijua hivyo mapema unaweka gharama ya mashine kwenye mtaji, badala ya kuikuta kama faini. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iko mbali zaidi: inaanza mauzo ya mwaka yakizidi milioni 200.

Mama lishe na baba lishe

Nilianzia hapo mimi mwenyewe, kwa meza moja na masufuria matatu, kwa hiyo naomba nisiwaruke. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kilichoanza kutolewa mwishoni mwa 2018 kwa shilingi 20,000, kililengwa kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Kwa siku 300, hizo ni shilingi 13,333 kwa siku, sahani sita au saba tu. Mama lishe mwenye wateja wa uhakika anavuka hapo haraka, na ni vizuri ajue amevuka lini.

Kitambulisho hakiondoi wajibu wa afya. Kipimo cha mpishi, maji salama, mahali pa kunawa na pipa lenye mfuniko vinakuhusu hata kama huna ukuta. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015, wauza chakula na juisi za barabarani walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzuiwa. Aliyekuwa na ndoo yenye koki, sabuni na cheti cha afya alikuwa na la kusema mbele ya afisa. Wengine hawakuwa na la kusema.

Usajili wa jengo la chakula

Jengo likiwa tayari, unaliombea usajili. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa TBS wa mtandaoni. Kwa migahawa na maduka madogo kazi ya ukaguzi mara nyingi inafanywa na maafisa afya wa halmashauri, kwa hiyo uliza ofisi yao kama uanzie kwao au kwenye mfumo. Unaeleza mahali, aina ya chakula, unapakia TIN na kitambulisho. Ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara.

Mkaguzi atakuja. Kuwa hapo wewe mwenyewe, usimwachie mhudumu. Akitaja kasoro, iandike kwa mkono wako, muulize tarehe atakayorudi, na ukimaliza kurekebisha piga picha. Nimeona watu wakibishana na mkaguzi juu ya wavu wa dirisha wa shilingi elfu kumi wakapoteza wiki tatu.

Malipo yote ya serikali yana kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontrolo namba. Unalipa benki au kwa simu. Hakuna malipo halali yanayokwenda kwenye namba binafsi ya mtu, hata awe amevaa kitambulisho shingoni.

Kupima afya za wahudumu

Kila anayegusa chakula apimwe: mpishi, mpakuaji, muosha vyombo, na wewe mwenye mgahawa kama unaingia jikoni. Vipimo vinafanyika kituo cha afya kinachotambuliwa na halmashauri, hutazamwa choo, mkojo, na makohozi inapobidi, na vinarudiwa kila baada ya miezi sita. Vyeti vikae mgahawani, si nyumbani kwa mhudumu.

Wahudumu huuliza kwa nini wapimwe ilhali wazima. Waeleze vizuri, maana swali ni halali. Mtu anaweza kuwa amepona homa ya matumbo, anatembea, anacheka, na bado anabeba vijidudu tumboni bila kuhisi chochote. Huyo akikata kachumbari bila kunawa vizuri anaambukiza meza nzima. Na mtu akipatikana na maradhi, atibiwe na arudi kazini. Ukimfukuza, wenzake watajifunza kukuficha.

Leseni ya biashara yenyewe

Sasa ndiyo unaomba leseni. Chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, mgahawa wa kawaida uko kwenye kundi B, linalotolewa na halmashauri, si kundi A la BRELA. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Andaa TIN, cheti cha TRA kinachoonyesha huna deni la kodi, mkataba wa pango, kitambulisho cha NIDA, cheti cha jina kama unalo, na uthibitisho wa afisa afya. Afisa biashara akiridhika unapata kumbukumbu namba, unalipa, unachapa.

Leseni inadumu miezi 12 tangu ilipotolewa. Ni ya sehemu moja: ukifungua tawi, tawi linaombewa leseni yake. Ibandike ukutani mahali inapoonekana. Kuuza chakula ukiwa na leseni ya duka la rejareja ni sawa na kutokuwa nayo, kwa hiyo soma aina ya biashara iliyoandikwa kabla hujaondoka kwenye mfumo.

Bia na pombe ni leseni nyingine kabisa, ya vileo, chini ya sheria yake. Kreti tatu kwenye friji bila leseni hiyo zinaweza kufunga mgahawa mzima.

Waliobaki

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji watakagua na kutoa cheti: mtungi wa kuzimia moto, blanketi la moto jikoni, mitungi ya gesi ikae nje au penye hewa. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wanasajili sehemu ya kazi kwa sheria yao ya mwaka 2003. Ukiajiri, andikisha watu wako NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anabeba angalau nusu yake, na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), nusu asilimia ya mishahara, inayomfidia mpishi akiungua mafuta. Wafanyakazi wakifika 10 kuna tozo ya kuendeleza ujuzi. Halmashauri nayo inadai ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mauzo.

Ukifungasha na kupeleka madukani

Hapa unahitaji alama ya ubora ya TBS. Unaomba, wanakuja kukagua unapozalishia, wanachukua sampuli, inapimwa maabara kwa kiwango cha bidhaa hiyo, ukifaulu unapewa leseni ya kutumia alama. Baada ya hapo wanaweza kununua bidhaa yako dukani na kuipima tena bila kukuambia. Mjasiriamali mdogo apitie SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza apate barua ya utambulisho. Barua hiyo inaleta nafuu kubwa ya gharama, na SIDO watakufundisha mengi ambayo ungeyajifunza kwa hasara.

Lebo iwe na jina la bidhaa, viungo kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anuani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha matumizi, na namba ya toleo. Usiidharau namba ya toleo. Tatizo likitokea, ndiyo itakuwezesha kurudisha mifuko ya siku moja badala ya ya mwezi mzima.

Kwa wanaofungasha mahindi na karanga, nawasihi: sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, si hadithi ya semina. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na 5 kwa ile aina kali zaidi, B1. Nunua nafaka iliyokauka vizuri, chambua punje zilizooza na karanga zilizosinyaa, uzitupe, usiwape hata kuku. Unga wa lishe unaliwa na watoto wa miezi sita.

Wajibu baada ya leseni kubandikwa

Leseni inasema jengo lako lilikuwa safi siku ya ukaguzi. Siku zilizobaki ni zako.

Kama ningeruhusiwa kubandika karatasi moja tu jikoni, ingekuwa ya joto na muda. Chakula kiive hadi katikati kufikia nyuzi 70. Kinachosubiri wateja kikae moto zaidi ya nyuzi 60. Kinachohifadhiwa baridi kikae chini ya nyuzi 5. Kilichopikwa kisikae wazi kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kipimajoto cha chakula hakina gharama kubwa, na kinamaliza ubishi.

Wali ndio unaotudanganya zaidi. Mchele una kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukibaki kwenye sufuria usiku kucha jikoni kwenye joto la Dar, mbegu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki ukiukaanga asubuhi kwa vitunguu na mafuta. Kiporo cha nyumbani ni uamuzi wa familia. Kiporo cha kuuza, kama hakikutandazwa kwenye trei kikapoa haraka na kuingia kwenye friji ndani ya saa mbili, kitupwe. Najua inauma kutupa kilo tatu za wali. Pika kidogo mara nyingi, utatupa kidogo.

Ubao wa nyama mbichi usikate kachumbari. Nyanya na vitunguu vioshwe kwa maji salama kabla ya kukatwa, si baada. Barafu na juisi zitengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Mafuta yakiwa meusi na kutoa povu yamekwisha, haijalishi yamekaangia mara ngapi. Mhudumu anayepokea pesa asishike chapati kwa mkono huohuo. Kama hamna mtu wa pili, koleo linatosha. Anayeharisha au mwenye kidonda mkononi apumzike, na umlipe siku hiyo, la sivyo atakuja kazini akiwa amekificha kidonda.

Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Weka daftari: tarehe, bidhaa, muuzaji, kiasi. Na toa risiti kila mara, hata ya chai na andazi.

Siku mteja akiugua

Ipo siku utapigiwa simu kwamba mtu aliyekula kwako jana anatapika. Usibishe, usimwambie labda alikula kwingine. Mwelekeze hospitali, uliza alikula nini na saa ngapi, kisha acha kuuza chakula hicho mara moja. Usimwage kilichobaki: kifunge, kiweke kwenye friji, kiandike tarehe, maana ndicho kitakachopimwa. Mpigie afisa afya wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Toa daftari la manunuzi, orodha ya waliokuwa zamu na vyeti vyao vya afya. Jiko lisioshwe kwa dawa kabla hajaja kuchukua sampuli. Akisema fungeni siku tatu, fungeni siku tatu, na siku ya kufungua umwombe apite kabla ya moto kuwashwa.